Miguu Chini ya Marinda

Fundi huyu wa cherehani alikuwa na kanuni moja: yeye hupima watu, hapimwi. Wateja walimwita Mama Marinda, kwa kuwa kila sketi aliyojishonea ilikuwa na marinda mazito hadi visiginoni. Hata binti yake wa pekee hakuwahi kuyaona magoti yake.

Siku moja binti alisimama kando ya meza ya kukatia apimwe suruali ya kazini. Kiuno kilikuwa kimepungua mno. Mapaja yalikuwa vilevile.

"Umekula nini leo?"

"Chai."

"Na jana?"

"Mama, pima tu. Mashavu yamekwisha, miguu ndiyo kwanza inanona. Nitakula ikipungua."

Fundi akazungusha futi juu ya goti. Binti akaruka. "Taratibu! Unapima mtu au unafunga mzigo?"

Mama hakuwa amekaza hata kidogo. Akainama atazame. Palikuwa na madoa ya damu iliyovilia, na binti hakukumbuka alijigonga wapi. Miguu yote miwili ilikuwa minene sawasawa kutoka nyonga hadi vifundoni, kisha ghafla nyayo nyembamba, kama suruali iliyotiwa mpira chini. Umbo hilo alilijua. Alilifunika kila asubuhi.

Kwa nini kiuno kisikie njaa, mapaja yasisikie? Alikuwa amejiuliza hivyo tangu ujana wake, akanyamaza. Safari hii swali lilimkera hadi akamshika binti mkono, wakaenda kliniki.

Daktari alibonyeza muundi wa binti, akaondoa kidole. Hapakubaki shimo. "Yangekuwa maji, pangebonyea," alisema. "Na nyayo zingevimba pia. Nyumbani kuna mwingine mwenye miguu kama hii?"

"Hakuna," binti alijibu upesi. "Ni mimi tu na ulafi wangu."

Mama alishika marinda yake, akayaachia, akayashika tena. Kunyamaza hapo kungekuwa kusema uongo, na uongo hakuuvumilia kwa mtu yeyote. Akayapandisha hadi juu ya magoti.

Binti akaitazama miguu ya mama, akaitazama yake. "Ala! Kumbe mimi nimekatwa kwa kipimo chako!"

Daktari alicheka, kisha akaeleza. Huu ni ugonjwa wa mafuta uitwao lipedema. Huwapata karibu wanawake pekee, aghalabu huanza wakati wa kubalehe, na hufuata ukoo. Hautokani na ulafi, na kujinyima chakula hakuuondoi. Dawa ya kuumaliza haipo, lakini maumivu hupunguzwa: kula vizuri, kutembea, kuogelea ikiwezekana, kutunza ngozi, na kuvaa soksi za kubana.

Mama Marinda alizigeuza soksi za mfano ndani nje, akitafuta mshono. Zilibana zaidi kifundoni, zikalegea kadiri zilivyopanda. "Nani kafuma hizi? Huyu ni fundi!"

"Lazima upimwe kwanza, mama," daktari alisema.

Akapimwa. Binti ndiye aliyeshika futi. "Tulia, mteja," alisema.

Siku hizi binti anakula, anatembea, na maumivu yamepungua. Mama alichelewa. Magoti yake yameharibika kwa kubeba uzito huo miaka mingi, hawezi tena kukanyaga cherehani, na binti yake alijichukia ujana wake wote kwa kosa ambalo hakulitenda.