Mama Anasema Mungu Amepindisha Barabara

Admin, nifichie jina, Likasi ni mji mdogo. Nina miaka ishirini na tisa, sijaoa, naishi na mama yangu katika mtaa wa Kikula. Nafanya kazi kwenye kampuni inayojenga barabara. Napiga vigingi anapoelekeza mpimaji, kisha nachora msalaba mwekundu kwenye nyumba zitakazobomolewa.

Tangu kazi ifike mtaani kwetu nimekuwa mpweke kweli. Watu niliokua nao tangu utotoni hawaitikii salamu yangu. Nikiingia dukani mazungumzo yanakatika, na kanisani benchi zima ni langu. Ningesema wananionea, lakini kuna jambo hawalijui.

Siku ya kupima, mpimaji alienda kupokea simu, akaniachia vigingi vitano vya mwisho. Mstari ulipita katikati ya sebule ya mama, kwenye nyumba ambayo marehemu baba aliijenga kwa matofali aliyofyatua mwenyewe. Nikavisogeza vigingi hatua tatu upande wa pili. Pale barabara ina kona kidogo, hakuna aliyeshtuka. Kesho yake nikatumwa kuchora msalaba nyumba ya ng'ambo, ya Mama Feza, mjane anayeuza makala, yale makaa ya kupikia. Nilichora kwa mkono huu huu.

Jumapili mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Mungu amepindisha barabara. Kanisa zima likasema amina. Mimi niliinama nikafunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

Kinachoniua ni kwamba Mama Feza ndiye pekee anayeniita kwake bado. Juzi nilipopita kwake alikuwa ameniwekea sahani ya bukari, ugali wetu wa huku, na sombe ya majani ya muhogo.

"Kuya kula, mwana," akasema. "Haiko weye njo ulileta barabara."

Eti si mimi niliyeileta! Nikala kwa aibu hadi sahani ikaisha. Hana mtoto wa kiume, basi akaniomba Jumatatu, kabla katapila haijafika, nimsaidie kutoa kitanda. Nikaitikia.

Nikisema ukweli nafukuzwa kazi, na mama anapoteza nyumba, tena ushuhuda wake wote wameshausikia. Nikinyamaza, Mama Feza atalala nje huku akiniita mwana. Leo ni Ijumaa, vigingi bado vinaweza kurudishwa. Sina mtu wa kumwambia ila ninyi. Ndugu zangu, nishaurini: Jumatatu nibebe kitanda cha nani, cha Mama Feza au cha mama yangu?