Lulu Alizoacha Baba

Juzi, katika duka la mapambo hapa Kitengela, nilimwona mwanamke akisugua lulu kwenye meno yake, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Baba alikuwa amefariki. Alikuwa akifanya kazi Magadi, kwenye ziwa la chumvi, na mara ya mwisho aliporudi nyumbani alimletea Mama mkufu wa lulu. Shangazi aliucheka mbele ya waombolezaji.

"Hizo ni plastiki tu. Ndugu yangu alikudanganya."

Baada ya mazishi Mama alinishika mkono, tukaenda kwa sonara wa mtaa wa Noonkopir.

Duka lilinuka chuma kilichochomwa. Sonara alitia lulu moja mdomoni, akaisugua taratibu kwenye meno. Nilidhani anaionja kama iko na chumvi ya Magadi.

"Inakwaruza, Mama," alisema. "Ya plastiki ingeteleza. Tena hazifanani, hii imebonyea, ile ni ndefu kidogo. Ni lulu za maji baridi, za mitoni na maziwani. Bei yake haifikii zile za baharini, lakini ni za ukweli kabisa."

Mama akaanza kulia. Basi mimi nikajua Baba alikuwa mwongo, nikamvuta sketi.

"Mama, twende nyumbani."

"Ngoja kwanza unifungie," alisema, akapiga magoti mbele yangu.

Sikuelewa kwa nini anataka kuvaa kitu kinachomliza. Shingo yake ilikuwa moto, lulu zilikuwa baridi. Nilipofaulu kuufunga mkufu alisimama, akapangusa uso, tukarudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita katikati ya soko.