Fahali Aliyezama Kwenye Simu

Mjomba wangu, mfugaji wa Garsen, alimvalisha fahali wake kola yenye kifaa cha setilaiti kinachoonyesha kwenye simu mahali alipo. Tangu hapo akaacha kutazama ng'ombe, akawa anatazama simu. Siku moja tukiwa machungani karibu na Tana, simu ikaonyesha fahali yuko katikati ya mto, pale penye mamba. Mjomba akashika kichwa, akaanza innalillahi. Fahali alikuwa nyuma yake, anamtafuna ncha ya kikoi.

Nami kwa kimbelembele changu nikamweleza: jua lililipuka jana, likaivuruga ile hewa nyembamba ya juu kabisa. Mawimbi ya setilaiti yakipita humo hupinda na kuchelewa, simu ikakosea mahali.

Ningejua ningenyamaza! Sasa mkewe akiona kwenye ramani ya simu yake, iliyounganishwa na ya mjomba, kwamba mumewe yuko kijiweni anakula miraa, ilhali ameapa yuko zizini, jibu ni lilelile: "Jua limechafuka. Muulize mpwa wangu."

Juzi mjomba alirudi nyumbani njaa imemshika. Akafunua sufuria, akakuta imeoshwa, inang'aa.

"Chakula kiko wapi?"

"Kipo hapo hapo mbele yako," mkewe akasema. "Jua likitulia utakiona."