Disketi Iliyokuwa Tupu Temeke

Miaka ile ya tisini, kompyuta zilipoanza kuingia mjini, mie nilidhani zote ni ukoo mmoja. Ukijua moja umezijua zote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sikai mahali pamoja, na kila kilichokuwa na waya nilitaka kukishika.

Ramadhani ilikuwa imebakiza siku tano au sita ianze, kutegemea mwezi. Baba mdogo alikuwa ameuahidi msikiti wetu wa Temeke kwamba mwaka huo ratiba ya swala, daku na futari itachapwa kwa kompyuta, si kuandikwa kwa mkono. Kazi akanipa mimi. Shangazi yangu alikuwa mhazili katika ofisi moja Msasani, na mkubwa wake aliniruhusu kutumia mashine yao adhuhuri, wafanyakazi wakienda kula. Adhuhuri tatu nilichapa kwa vidole viwili: siku thelathini, kila siku nyakati zake. Ofisi haikuwa na mashine ya kuchapa karatasi. Nikahifadhi kazi kwenye disketi, nikaitia mfuko wa shati, nikaja nayo Temeke kwenye duka la kuchapa.

Mwenye duka alikuwa dada mmoja wa Kusini, mcheshi, miwani kwenye ncha ya pua. Akaisukuma disketi ndani. Mashine ikakoroma.

"Tupu hii, kaka."

"Haiwezi kuwa tupu. Siku tatu nimeijaza!"

"Mie nasoma kilichoko kwenye kioo. Inasema haijafomatiwa, inauliza iifomati. Niikubalie?"

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Hayo ndiyo yalikuwa mazoea ya duka lake: disketi ya mgeni ikileta mashaka inaogeshwa, yaani inafutwa yote, kwa kuogopa virusi. Wengi walikuwa wamemletea kazi zao na kuondoka na plastiki safi.

"Usiguse!" Nilipiga kelele mpaka mteja wa nyuma yangu akacheka, akasema: "Kaka, hujaambiwa ni bomu."

Dada akaitoa, akaigeuzageuza. "Uliandikia mashine gani?"

Nikamweleza: ya kijivu, kioo na mwili kitu kimoja, ina picha ya tunda lililomegwa.

"Ahaa. Basi haina kosa. Kiwanja chako kimepimwa na mpimaji mwingine. Kufomati ndiko kupima huku: unaweka mawe ya mipaka ili mashine ijue kipi kiko wapi. Hii yangu inatafuta mawe yake, haiyaoni, inasema hapa ni pori. Ingekubaliwa, ingefyeka nyumba yako yote."

Niliyasikia maneno hayo kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Nikamuuliza kama kuna mawe ambayo mashine zote mbili zinayajua. Akakuna kichwa. Alikuwa amesikia kwamba ile ya tunda, kama si ya zamani sana, inasoma disketi za huku, ila ya huku haisomi za kule. Hakuwa amewahi kujaribu. Akachukua disketi mpya, akaifomati mbele yangu. Nilisimama nikihesabu asilimia zikipanda moja moja.

"Nenda nayo. Ikikubali, nakili humo. Na uhifadhi maandishi matupu, bila madoido."

Nikarudi Msasani. Shangazi alikuwa anafunika mashine kwa kitambaa. "Wewe tena? Ofisi inafungwa!" Nikamwomba dakika tano. Niliitia ile disketi ya Temeke huku nimeuma mdomo. Ikatokea kwenye kioo, imekaa kama mwenyeji. Shangazi mwenyewe akainama kutazama. "Kumbe hizi zinasikilizana?"

"Hii inaisikiliza ile," nikasema huku nikinakili ratiba humo. "Ile haiisikilizi hii."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Temeke kabla duka halijafunguliwa. Disketi ikasomwa. Nyakati zote zilikuwamo, lakini mistari ya jedwali ilikuwa imepotea na namba zimerundikana. Dada yule, Mkristo asiyefunga Ramadhani, alikaa nami mpaka adhuhuri akizisogeza kwa kubonya nafasi, akiuliza, "Hii ni alasiri au magharibi?"

Kabla ya alasiri baba mdogo alikuwa anaibandika ratiba iliyochapwa mlangoni mwa msikiti. Akaisoma kwa kidole, polepole, wazee wakimzunguka.

"Mbona isha ya siku ya saba imekaa chini ya magharibi ya siku ya nane?"

Nikamwomba kalamu, nikachora mshale.

"Inasomeka," akasema mzee mmoja. Wakaingia kuswali.