Mawe Yaliyokuwa na Mwenyewe

Sisi tuliokulia mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, tunajua maana ya mawe yaliyorundikwa. Ukiona rundo kando ya njia, kuna mtu anajenga au kuna mtu anauza. Basi. Na mimi, pamoja na vyeti vyangu vyote vya usanifu majengo, niliubeba ujinga huo hadi kaskazini, mahali ambapo mlima ulitapika moto zamani za kale na hadi leo ardhi ni mawe meusi matupu.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kuchora ukumbi wa jamii. Asubuhi uwe chekechea, siku za kliniki akina mama wapimie watoto humo, jioni watu wakutane. Niliuchorea kwenye meza ya mama yangu, kelele za wachomeaji vyuma zikiingia dirishani, na nikaupenda mchoro ule kupita kiasi. Kuta nene za mawe ya palepale, ili joto la mchana lichelewe kuingia. Jengo fupi lililoupa upepo mgongo, maana upepo wa huko si mchezo, unang'oa mabati ukiangalia. Paa nililiinua kidogo juu ya ukuta ili hewa moto itoke. Nilitaka mtu akiliona kwa mbali adhani limeota lenyewe ardhini. Mama alipita na sufuria, akautupia jicho mchoro, akaniuliza, "Sasa injinia, na hiyo nyumba nyeusi hivyo, mtaipaka rangi lini?"

Nilicheka. Wakati huo nilikuwa mtu wa kucheka sana.

Tulipoanza kujenga, mawe yakatukwamisha. Yaliyotapakaa karibu yalikuwa ya mviringo, yamejaa matundu, yanachubua mikono ya mafundi na hayakai vizuri yakipangwa. Mimi nilitaka mawe bapa. Siku ya tatu, mbali kidogo na kijiji, tukakuta rundo linalonifika kifuani, mawe yamechaguliwa, bapa juu ya bapa. Nikalipiga picha kwa furaha, kisha nikamwambia dereva wa lori arudi kinyumenyume. Kibarua mmoja wa huko akasema, "Hayo yaache. Yana mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

Akatazama chini. Huko jina la aliyekufa halitajwi ovyo, lakini mimi sikulijua hilo, na sikuuliza mara ya pili. "Basi huyo mwenyewe aje tuongee," nikasema, kwa ile sauti ya mtaani ya kumaliza maneno.

Hakuja mtu. Tukapakia. Yule kibarua hakushika hata jiwe moja, alisimama kando, mikono mgongoni. Nilimwona. Hapo ndipo ninapojilaumu, jamani, si pengine. Nilimwona, nikajua kuna jambo, nikaamua kutolijua kwa sababu ukuta wangu ulikuwa unachelewa.

Ukumbi ulipokwisha nilisifiwa hadi nikaota mapembe. Picha zake nilimwonyesha kila jirani, hata wasiotaka kuziona.

Mwaka huu mama mmoja wa kijiji kile alikuja Nairobi kutibiwa macho. Ndiye aliyekuwa akitupikia chai wakati wa ujenzi. Alifikia kwa binamu yake Eastleigh, nyuma ya maduka ya nguo, akanipigia simu. Nikaenda Jumamosi mchana na mkate wangu na maziwa. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, jicho moja limefungwa bandeji, la pili bado lina ukungu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea dua ndefu, mimi, wazazi wangu, na watoto ambao hata sijawapata. Akasema siku hizi watoto wanasoma bila kulia joto.

Binamu yake alipoingia jikoni, akapunguza sauti. "Mwanangu, wewe uliipiga picha nchi yetu kabla ya kujenga. Nitafutie mahali."

Akanieleza. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alifia njiani walipokuwa wakihama na mifugo. Walimzika wakaweka mawe, na tangu siku hiyo kila alipopita aliongeza jiwe moja, analichagua zuri, bapa, lisianguke. Alifanya hivyo miaka na miaka. Halafu macho yakafifia, akakaa muda mrefu bila kupita. Aliporudi akishikwa mkono, hakulikuta rundo. "Nimepapasa kote. Wanasema nimesahau njia. Mimi sijasahau njia."

Picha ilikuwa kwenye simu, mfukoni mwangu. Asingeweza kuiona. Nikamwambia picha zote ziko ofisini. Akaitikia kwa kichwa, polepole, akasema hakuna haraka, atangoja. Hiyo "nitangoja" ndiyo iliyonishinda.

"Mama, njia hukuisahau. Rundo nililibeba mimi. Yale mawe yako kwenye ukumbi."

Akapapasa kikombe chake cha chai mkekani, akakisogeza kando. Kisha akauliza, "Na yeye?"

"Hatukuchimba, mama. Haki ya Mungu, hatukuchimba. Ya chini tuliyaacha."

"Ukuta upi?"

"Sijui. Mafundi waliyachanganya."

Akajifuta jicho lile la ukungu kwa ncha ya mtandio. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru kutukanwa. Badala yake alinikamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikudhani anazo, akaninong'oneza, "Usimwambie mtu. Wazee wakijua watasema kuta zibomolewe, na watoto warudi juani. Nyamaza. Mimi nitanyamaza."

Binamu akatoka jikoni na sinia la chapati. "Mnanong'ona nini nyie?"

"Namsifu," mama akasema. "Amejenga vizuri."

Nikainamisha kichwa nikalia, na binamu akadhani ni kwa ajili ya sifa, akanipigapiga begani. Machozi yalikuwa ya kweli. Lakini chini yake palikuwa na kitu ambacho hata mama yangu sijamwambia. Nilikuwa nimefurahi kwamba jengo langu halitaguswa.