Uongo Mmoja kwa Kila Somo

Haya anayaandika mjukuu wangu kwa mkono wake, mimi nasema tu. Shule sikusoma. Siku niliyopelekwa kuandikishwa, mwalimu alinitazama akaona kichwa kimeshajaa, akasema akili zikiongezwa zitamwagika. Mjukuu amekataa kuandika sentensi hiyo. Nimemwambia asipoiandika sisemi tena. Ameiandika kwa hasira, ndiyo maana kalamu imetoboa karatasi.

Habari yenyewe ni yake.

Sekondari walimwita Kasuku. Wala hakuwa na mdomo, ila alikuwa anakariri. Daftari zima aliweza kukusomea amefumba macho, kuanzia tarehe ya juu mpaka jina la kiwanda nyuma ya jalada. Lakini mtihani haukuuliza daftari limeandikwa nini, uliuliza kwa nini. Ukimgeuzia swali kidogo tu, anasimama kama gari lililoishiwa mafuta. Matokeo yalipotoka alikuwa amefeli masomo sita kati ya manane, na yale mawili alipita kwa kujipenyeza. Mjomba wake, mwanangu wa pili, dereva wa lori la mchanga, aliishika ile karatasi juu chini, akasema, "Hata nikiigeuza hivi bado mbovu."

Mwaka mzima mjukuu alikaa nami barazani tukishona magunia. Duka la nafaka linatuletea yaliyotoboka, sisi tunayatia viraka kwa uzi wa katani na sindano ndefu kama kidole cha kati. Halafu chuo cha ufundi kikatangaza nafasi za umeme wa majumbani, naye akaenda na ile karatasi yake mbovu. Wakampokea kwa sharti. Muhula wa kwanza apate hamsini au zaidi katika kila somo: nadharia, hesabu na karakana. Akipata arobaini na tisa katika moja tu, arudi kwa bibi yake na magunia.

"Bibi, nitafanyaje?" aliniuliza siku ya kwanza, sare mpya ikimkwaruza shingo. "Mimi najua kukariri tu."

"Basi usikariri. Nisimulie."

"Wewe unaujua umeme?"

"Umeme umenikuta hapa hapa. Babu yako mwenyewe nilimpata kwa radi."

Tukawekeana utaratibu. Kila alasiri akirudi, anaketi kwenye mkeka, na daftari nalikalia mimi. Ananisimulia aliyofundishwa bila kuchungulia. Kisha namrudishia yale yale kwa maneno yangu, lakini ndani yake natia uongo mmoja. Mmoja tu. Kazi yake ni kuukamata. Ukimpita, anashona gunia zima peke yake, mimi nanyoosha miguu.

Wiki ya kwanza nilinyoosha miguu mpaka ikafa ganzi.

Ya pili akaanza kuchangamka. Nilimwambia, "Waya wa moto unaleta umeme toka nguzoni. Waya wa pili unaurudisha. Wa tatu, ule wa ardhini, ni wa akiba, siku wale wawili wakiugua."

Akaitikia kwa kichwa kama kawaida yake. Kisha kichwa kikasimama katikati ya njia. "Uongo! Wa ardhini si wa akiba. Waya wa moto ukichomoka ukagusa bati la pasi, umeme unakimbilia chini kwa huo wa tatu, badala ya kupitia kwako."

"Kwangu ungepiga hodi kwanza."

"Bibi!"

"Haya, umenikamata, mke mwenzangu. Lete gunia nishone mwenyewe."

Mambo yakaenda hivyo mpaka wiki ya sita. Siku hiyo alirudi na jaribio la hesabu alilopata thelathini na moja. Uso umevimba, na maji ya kunywa hakutaka. Nikaona nisimwache akae na maumivu yake. Alinisimulia habari za fyuzi kwa sauti ya mgonjwa, nami nikamrudishia: "Kwa hiyo fyuzi ikikatika kila mara, dawa yake ni kuitia waya mnene. Haikatiki tena."

"Ndiyo, bibi."

Nikangoja. Nikamkazia macho. Akachukua sindano akaanza kutunga uzi.

Sasa mimi sina shule. Niliona nimetia uongo, fundi wangu kaupitisha. Nikajisemea, kumbe nimebahatisha! Nimesema kweli bila kukusudia.

Kesho yake mjomba alipita akilalamika kwamba fyuzi ya nyumbani kwake inakatika kila mkewe akichomeka pasi. Nikampa dawa. "Nani kakwambia?" akauliza. Nikamjibu, "Chuo." Akaenda akaweka msumari, maana mnene kuliko huo hakuona.

Msumari kweli haukukatika. Ile pasi ilikuwa na waya uliochubuka, na siku ya tatu moto ukala soketi, ukapanda ukutani, ukaacha shati jipya la mjomba na mkono mmoja. Mkewe aliwahi kuvuta swichi kubwa. Mtu hakuumia.

Mjomba alikuja barazani amelishika lile shati. "Huyu ndiye fundi wenu? Kafeli shule, sasa anataka kutuchoma ndani!"

Mjukuu akashtuka. "Nani kakwambia uweke msumari, mjomba?"

Mjomba akaninyooshea kidole. Mimi niliinamia gunia langu nikashona kwa bidii ambayo gunia lile halikuwahi kuiona.

"Bibi, ule si ulikuwa uongo!"

"Hukuukamata."

"Nilikuwa nimechoka!"

"Na mimi nikaamini."

Alikwenda kumchukua mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili pale chuoni, wakaenda kwa mjomba. Wakazima umeme wote, wakang'oa soketi iliyoungua, wakafunga mpya, wakatoa msumari. Mjomba aliwamulikia tochi huku akichokoza. "Mhandisi, hizo sifuri zako unazipimia nini?"

"Msumari wako, mjomba."

Aliporudi alinitoa juu ya daftari, akalifungua upande wa hesabu. Akasema fyuzi haichaguliwi kwa jicho, hesabu ndiyo inayosema waya uwe mwembamba kiasi gani. Miaka yote alikuwa anazikariri kama majina ya watu asiowajua. Tangu siku hiyo upande wa hesabu tuligeuza mchezo. Mimi ukweli wake siujui, nitatiaje uongo? Akawa anatia yeye, kisha ananionyesha kwa nini hauwezekani. "Pasi ya wati elfu moja, volti mia mbili na hamsini. Tuseme inavuta ampea arobaini. Kweli?"

Nikahesabu kwa magunia. Mia mbili na hamsini ni robo ya elfu. "Nne," nikasema.

"Umenikamata," akasema, na gunia akashona yeye.

Mtihani wa karakana ulisimamiwa na mwalimu wao wanayemwita Koleo, kwa vile akiuliza kitu hakuachii mpaka jibu litoke. Aliweka ubao wenye taa na swichi, akawaita mmoja mmoja aandike kama umefungwa sawa. Mjukuu alikuwa wa ishirini. Akabonyeza, ikawaka. Akabonyeza, ikazima. Ndivyo walivyofanya wenzake wote, wakaandika "sawa", wakatoka.

Naye alishaishika kalamu. Aliniambia baadaye, "Bibi, niliitazama ile taa imezima, nikakuona wewe ukishatia uongo. Unavyotulia." Akaweka kalamu chini. Akachukua bisibisi ya kupimia, akagusa pale balbu inapokaa. Kitaa cha bisibisi kikawaka.

"Taa imezima lakini umeme bado uko hapa, mwalimu," akasema. "Swichi imekata waya wa kurudi, haikukata wa moto. Atakayekuja kubadilisha balbu atapigwa."

Koleo akamtazama. "Wenzako kumi na tisa wamesema ni sawa."

"Wameitazama taa, mwalimu. Mimi nimepima."

Aliponisimulia nilielewa mara moja. Ni kama babu yake alivyokuwa akifumba macho nikimwita akachote maji. Amezima, lakini yupo.

Barua ya chuo ilikuja Jumanne. Mjomba alikuwepo, na safari hii aliishika sawasawa. Karakana sabini na nane. Nadharia sitini na moja. Alipofika kwenye hesabu, yule mshenzi, akasafisha koo, akaomba maji. Mjukuu alikuwa ameukunja ukingo wa mkeka mpaka umekatika.

"Soma, mjomba!"

Akasoma. Na chini yake pameandikwa aendelee na muhula wa pili.

Mjukuu alilala chali juu ya magunia akacheka peke yake. Mjomba akatoka nje, akajifanya anakagua tairi.

Hapa nimemwambia aandike kwamba hesabu alipata mia, na kwamba nguzo zote za mtaa ziliinama kumsalimia. Amesema, "Uongo, bibi." Ameandika hamsini na mbili, kisha akanitupia gunia.