Nilivyoucheza Wimbo Aliozikiwa Baba

Baba alizikwa Iringa mimi nikiwa Guangzhou. Mitihani ilikuwa imebaki siku tatu, na masharti ya ufadhili wangu hayakuruhusu kuiahirisha. Siku ya mazishi nilikuwa mtaa wa Zhanqian, kwenye jengo la nguo za jumla, nikimtafsiria mfanyabiashara kutoka nyumbani. Niliegemea marobota ya suruali kwenye ngazi, nikafuatilia kwa simu. Kaka alishika ya kwake karibu na kaburi. Picha ilikatikakatika, lakini sauti ya kwaya ilifika. Waliimba wimbo ule wa kanisani kwetu ambao kila mzee huimbiwa akizikwa. Haukuwa umekwisha mwenye duka aliponiita, mteja anataka kujua bei. Nikajifuta uso, nikaenda.

Miezi mitano baadaye mwalimu wetu mmoja, Mwingereza mtu mzima, alitafuta wanafunzi wanane wa kucheza ngoma ya vijijini kwao kwenye sherehe ya chuo. Nilijiandikisha kwa sababu nilichoka kukaa chumbani na mawazo. Nilipangwa kucheza na mwanafunzi kutoka Lubumbashi, kijana mpole aliyeomba radhi kwa Kifaransa kila aliponikanyaga.

Tulisimama mistari miwili, wanaume huku, wanawake kule. Mnasogeleana, mnainamiana kidogo, mnashikana mikono ya kulia, mnazunguka, mnabadilishana nafasi. Juma la kwanza tulifuata makofi tu. Juma la pili mwalimu akaja na fidla. Alipoanza tu kuipiga, miguu yangu iligoma. Ulikuwa wimbo ule ule, ila sasa ulikwenda mbio, wa kurukaruka. Mkongomani akanigonga bega.

"Pardon, dada. Unaumwa?"

"Wimbo huu ndio aliozikiwa baba yangu," nikasema.

Mwalimu akashusha fidla. Alituambia kwamba kwao wimbo huo uliimbwa kwanza mahali pa kunyongea watu. Wachuuzi waliuza karatasi zenye maneno ya kisa cha anayenyongwa, na umati ukaimba. Baadaye wacheza ngoma wakauchukua, wakauharakisha. Kanisa lilikuja mwisho, likaupunguza mwendo na kuutia maneno ya Mungu, na wamisionari wakaufikisha kwetu.

"Nibadilishe?" akauliza.

Nikamwambia aache. Mpaka leo sijui kwa nini.

Jioni hiyo nilimpigia mama, nikamweleza yote, na habari za kunyongwa pia.

"Hao nao walikuwa na mama zao," akasema. "Wewe cheza, mwanangu. Unitumie video nikuone."

Nikacheza. Nikamtumia. Mama akamrushia shangazi, na shangazi, bila nia mbaya, akaiweka kwenye kundi la ukoo. Asubuhi nilikuta baba mkubwa, kaka yake marehemu, ameandika: "Mazishini hukuja. Sasa unamchezea baba yako ngoma mbele ya Wachina."

Nilimpigia mara tatu hakupokea. Mara ya nne akapokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, wimbo ule kwao ni ngoma tangu zamani, hata kabla ya—"

"Kwetu si ngoma," akasema, akakata simu.

Tangu siku hiyo hajanisalimia. Mama ananiambia nimpe muda, atalainika. Nimeandika maelezo marefu ya historia ya wimbo ule, walionyongwa, wacheza ngoma, wamisionari, kisha nikayafuta yote. Hayo siyo anayoniuliza mzee. Video ile nimeitazama tena mara nyingi, peke yangu. Katikati yake, tunapozunguka, Mkongomani anakosea njia na kuufuata mstari wa wanawake, nami nacheka kwa kinywa wazi, nacheka kweli. Kwa dakika ile nilikuwa nimemsahau baba kabisa. Baba mkubwa ameliona hilo.